Madam Aliyetukataza Kubangaiza

Kwa muda mrefu nilikuwa na hofu moja juu ya Madam, kwamba kukaa bure kutammaliza. Goti lake halikunitisha, wala presha, wala miaka. Kilichonitisha ni kule kukaa. Nilimfahamu tangu nikiwa mchimbaji mdogo pale Nyarugusu, na sijaona mtu mwingine ambaye kazi ilimkaa mwilini namna ile. Alipobaki nyumbani kwake Ushirombo, ameegemea ukuta wa barazani anatazama malori ya mizigo yakipita kuelekea Rwanda, kila nilipotoka kumwona nilijisikia vibaya wiki nzima.

Sote tulimwita Madam. Paroko alimwita Madam, waendesha bodaboda walimwita Madam, na mzee wa duka la dawa, aliyemzidi umri waziwazi, alimwamkia "shikamoo Madam" bila kuona haya. Jina alikuwa nalo, ila mimi nilikuja kulisikia likitajwa kamili mara moja tu, kwenye simu, na nusura niseme simjui.

Alifundisha Kiingereza cha kazi. Nasema hivyo kwa sababu alinuna ukisema anafundisha Kiingereza, basi. "Kiingereza mmefundishwa shuleni miaka yote ile," alituambia, "kimewafikisha wapi? Mnajua kusema paka yuko juu ya mkeka. Mgodini hawaajiri paka." Yeye alitufundisha maneno ya mtu aliye kazini: unafanya nini, unakifanya kwa kifaa gani, unaingia zamu ipi, unaripoti kwa nani, ukiumia unamwambia nani na unamwambiaje. Darasa lilikuwa palepale Ushirombo, kwenye ghala la zamani la pamba, na hadi leo nikisikia harufu ya mbegu za pamba nakaa wima.

Tulikuwa watu wa kila namna. Walikuwamo vijana wa maduarani, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kama mimi, akina mama waliotaka kazi za jikoni kwenye kambi za wakandarasi, walinzi, madereva, na binti mmoja aliyetaka kuwa karani wa mizani. Kila mtu alitaka ajira yenye mkataba. Mimi nilikuwa na haraka kuwazidi, maana duara letu lilikuwa limeanza kudondosha udongo kati ya matimba, zile nguzo za mbao zinazozuia kuta zisije zikatufukia. Mke wangu alifika mahali kila nikitoka asubuhi ananipa mkono kama mtu anayesafiri.

Siku yangu ya kwanza alituuliza mmoja mmoja, kwa Kiswahili, unafanya kazi gani. Wa kwanza akasema hana kazi. Wa pili akasema anabangaiza tu. Mimi nikasema, "Nipo nipo tu, Madam." Akatusikiliza wote hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akachukua chaki, akayaandika majibu yetu matatu ukutani kwa herufi kubwa, akayapiga mstari.

"Haya ni marufuku humu ndani," akasema. "Atakayesema mojawapo anatoka nje, anasimama juani mpaka akumbuke mikono yake ilifanya nini jana."

Mama mmoja aliyehamia kutoka Nkome alisimama nje karibu kipindi kizima. Aliporudi alikuwa anajikunyata kwa aibu. "Madam, mimi kweli sina kazi. Nilipokuwa ziwani nilikuwa naanika tu dagaa. Nageuza, nafukuza kunguru, napepeta mchanga, nafungasha. Basi."

"Rudia," Madam akamwambia.

Akarudia. Kwa kila alichokitaja, Madam akamwandikia neno lake la Kiingereza, na ukuta ukajaa. Yule mama akautazama toka juu hadi chini. "Kumbe nilikuwa nachoka kwa haki," akasema, akaenda kukaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa: vitendo kwanza, cheo mwisho. Hakuruhusu mtu ajiite fundi au mlinzi kabla hajataja vitendo vitatu alivyovifanya kwa mikono yake. "Cheo ni kofia," alisema. "Mtu mzima hatangulizi kofia akiwa uchi." Mimi nilipewa dig kwa kuchimba, haul kwa kuvuta mawe juu, crush kwa kusaga na wash kwa kuosha mchanga wa dhahabu. Nilirudi Nyarugusu nikiyatamka njia nzima juu ya pikipiki, hadi dereva akaniuliza kama nasali.

Neno asilolijua alisema halijui. Hakuona tabu. Kijana mmoja alimuuliza Kiingereza cha kile kitambaa kinene cha katani kinachotandazwa ili kinase vumbi la dhahabu maji yanapopita, naye akasema, "Sijui. Kwanza nikione." Ndivyo alivyokuja kutokea Nyarugusu, na siku ile siisahau.

Kwa kweli alikuja pia kwa sababu mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumekosa darasa. Alishuka kwenye pikipiki amevaa kitenge, shati jeupe, na zile buti nzito za njano za watu wa mgodini, alizopewa na mwanafunzi aliyepata ajira. Mkononi alikuwa na kiti chake cha mbao cha kukunja. Sasa mtu akitokea machimboni namna hiyo, mwanamke mtu mzima, buti za usalama, anatazama matimba kwa makini, watu hawaulizi mara mbili. Neno lilipita kwamba serikali imefika. Bosi wa duara akapotelea nyuma ya vibanda vya mama lishe. Mashine za kusagia mawe, zile tunazoita karasha, zikazimwa moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nikasikia jogoo.

"Mbona mmezima?" Madam akauliza. "Nitajuaje zinafanyaje kazi zikiwa zimezimwa?"

Ilibidi nizunguke vibanda kumtafuta bosi na kumweleza kwamba ni mwalimu wangu tu. Alirudi ana vumbi la mkaa hadi masikioni, akamwamkia, na Madam akamuuliza palepale mikono yake ilifanya nini jana. Bosi akasema yeye ni bosi. "Hicho ni cheo," Madam akasema. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na bosi akacheka pia, ingawa kidogo.

Kile kiti nikielezee, maana ndicho kilichokuja kunipa habari siku za mwisho. Alikibeba mwenyewe kila alikokwenda kufundisha, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuruhusiwa kumpokea. Tulinyoosha mikono kila Jumamosi, akatukwepa kila Jumamosi. "Anayekwenda kazini anabeba kitendea kazi chake," alisema. Kanisani hakwenda nacho, msibani hakwenda nacho, wala kwa ndugu zake. Sisi wanafunzi tulijua kwamba kiti kikitoka nyumbani, Madam yuko kazini.

Usidhani alikuwa mpole. Ukichelewa, mlango umefungwa, ukae nje usikilize kupitia tundu za ghala. Halafu alikuwa na yake ambayo hayakulingana. Alitufundisha Kiingereza, lakini ukimsalimia kwa Kiingereza sokoni alikupita kama hajakuona, na rozari alisali kwa Kisukuma, tena kile cha bibi zetu. Alituhimiza tuombe, tuulize, tugonge milango ya watu, wakati yeye kuomba hata chumvi kwa jirani ilikuwa kazi ngumu. Nilimkuta siku moja anakula ugali na mboga isiyo na chumvi, na duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikamuuliza. Akasema mwenye duka alikuwa anakula, hakutaka kumsumbua.

Na kila mwisho wa kipindi, tulipokuwa tunapanga mabenchi, alikaa kwenye kile kiti, akavua buti, akanyoosha miguu na kusema, "Leo nimechoka vizuri." Alilisema jinsi mtu mwingine anavyosema ameshiba.

Kwetu mtu anayekwenda kutafuta kazi haagi. Sijui kama ni huko tu au ni nchi nzima, lakini kwetu ukienda kwenye usaili unasema unakwenda kwa shangazi. Ukisema kweli, watu wenye macho yao watakuharibia. Basi mimi nilipoitwa kwenye usaili wa kazi ya stoo kwa mkandarasi mmoja wa mgodi, mama yangu nilimwambia nakwenda kumsalimia shangazi Runzewe. Baba mdogo, niliyemwandika kuwa mdhamini wangu pamoja na Madam, yeye sikumwambia hata hilo la kuandikwa.

Usaili ulikwenda vizuri. Niliulizwa nimefanya nini, nikataja vitendo vyangu kwanza, na nikawaona wakiinua vichwa. Wakasema watawapigia wadhamini. Wakampigia baba mdogo. Yeye alikuwa shambani anapalilia choroko, akasikia sauti ngeni inataja majina yangu yote matatu, inauliza kama ananifahamu, nafanya kazi gani, na kama nimewahi kuwa na matatizo na mtu. Baba mdogo ananipenda. Alijua wazi kwamba natafutwa, na akanitetea kwa nguvu zake zote.

"Huyo simjui," akasema. "Na hata kama ningemjua, hayupo."

Akazima simu, akaondoa na betri.

Wakabaki na Madam. Yule ofisa, ambaye baadaye tulizoeana, aliniambia kwamba alimuuliza swali moja tu, naye alipomaliza kulijibu chai ilikuwa imepoa. Madam alieleza nilivyobeba mawe, nilivyorudi darasani na kidole kilichopondeka, nilivyojibu vibaya na nilivyojirekebisha. Hakunisifia hata kidogo. Alisema tu nilichofanya. Nikapata kazi, nikatoka duarani, na mke wangu akaacha kunipa mkono asubuhi.

Kisa cha baba mdogo hakikumchekesha Madam. Kilimkera. Akagundua kwamba vijana wake wengi walikuwa wanakosa kazi hivyohivyo, kwa kukanwa na watu wanaowapenda. Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya misa ya pili, aliwakusanya wazee na kuwafundisha kupokea simu. Alikuwa anakwenda nyuma ya kanisa na kuwapigia, amebadilisha sauti kuwa nzito ya kiofisa. Baba mdogo alijibu sawasawa, alisema ananijua tangu nazaliwa na kwamba ni mchapakazi, halafu akaongeza, "Ila Madam, hiyo sauti naijua, na vocha yako inaisha."

Sisi vijana akatuamuru tuanze kuaga. "Ukienda kutafuta kazi, aga watu kwa jina la mahali unakokwenda," alisema. "Ukikosa, umekosa mbele ya watu, si dhambi. Utapata nyingine." Tuliona ugumu, lakini tukaaga.

Darasa lilikufa bila mtu kuliua. Mwenye ghala alipata wafanyabiashara wa choroko, wakalijaza magunia. Tukahamia ukumbi wa mtaa, nao ukawa na shughuli zake. Katikati ya hayo Madam alianguka na bodaboda kwenye tope, goti likavimba, likagoma kupona vizuri. Vijana nao wakaona kila kitu kipo kwenye simu. Jumamosi moja alikwenda na kiti chake akakaa peke yake mpaka mchana, na Jumamosi iliyofuata hakwenda.

Mimi nilikuwa kambini Geita, nakwenda kumwona nikipata mapumziko. Mara ya mwisho nilimkuta barazani, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Buti za njano zilikuwa pembeni, safi kabisa, na hilo peke yake lilinitia simanzi. Nikamwamkia.

"Marahaba, Mchimbaji." Hakuacha kuniita hivyo hata baada ya mimi kuwa mtu wa stoo.

"Madam, unafanya nini siku hizi?"

Akatazama barabarani. Lori lilipita, akalisubiri liishe.

"Nipo nipo tu," akasema.

Niliumia. Nilitamani kumtoa nje juani kama alivyotutoa sisi, lakini alikuwa nje tayari. Nikamuuliza kama amechoka. Akanijibu kwamba hachoki siku hizi, na hilo ndilo linalomchosha. Wakati tunaongea hayo, mwendesha bodaboda mmoja akasimama kumwonyesha ujumbe wa Kiingereza kwenye simu, kutoka kampuni inayotafuta madereva. Madam akamwelezea maneno, akamfanya ayatamke, akamkaripia, akamfanya ayatamke tena, kisha akarudi kuegemea ukuta wake. Nilipoaga alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja kwa kuja," na hakunisindikiza.

Simu yenyewe ilinikuta kazini. Ndani ya eneo la kazi hatuingii na simu, tunaziacha kwenye makabati ya getini. Nilipotoka nikakuta namba ngeni imenipigia tena na tena. Siku hizi namba ngeni ni ya kuogopwa, kwa wale matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na mara nyingi huwa naziacha. Sijui ni kitu gani kilinisukuma, lakini nilipiga.

Akapokea mwanamume, Kiswahili chake cha Dar, mtu wa kituo cha mafunzo ya madereva na wahudumu wa mizigo pale Isaka, kwenye bandari kavu. Akauliza kama namfahamu fulani, akataja majina matatu ya mwanamke.

Nikafungua mdomo niseme simjui. Kweli simjui, ndivyo nilivyoona. Na nilihisi pia ile hali ya baba mdogo, ya kumkinga mtu kwanza kabla ya kujua anakingwa na nini. Halafu yule bwana akasema, "Ni mwalimu. Ameandika kwamba wewe ni mdhamini wake."

Nikakaa kwenye jiwe la getini. "Madam," nikasema. "Huyo ni Madam."

"Vizuri. Nimekutafuta sana, ndugu yangu, na leo nilikuwa naifunga hii nafasi. Jirani yake nimempata, Mama Kulwa, mshonaji. Lakini yeye anasema huyu mama ameenda Kahama kumuuguza dada yake, na kwamba hana kazi, anapumzika, mguu unamsumbua. Sasa hata sielewi kama yuko tayari kweli. Kwa sasa anafanya nini?"

Nikaelewa yote kwa mkupuo. Madam alikuwa amekwenda Isaka kutafuta kazi, akaaga kwamba anakwenda kwa dada yake. Mama Kulwa, aliyehamia pale baada ya darasa kufa, alikuwa amesema ukweli kama alivyoambiwa, na ukweli huo ulikuwa unamzamisha Madam. Nilikuwa nimebaki mimi, na swali lilikuwa lilelile la ukutani. Jibu alilokuwa amenipa Madam mwenyewe ni nipo nipo tu.

Nikamfikiria yule wa bodaboda.

"Mara ya mwisho nilipokwenda kwake," nikasema, "alikuwa amekaa barazani na mguu juu ya ndoo. Akaja mwendesha pikipiki na ujumbe wa Kiingereza wa kazi. Akamsomea, akamweleza, akamtamkisha. Alipokosea akamkaripia. Alipopata hakumsifia. Mimi alinifundisha hivyohivyo ghalani, na alipoona sijaelewa mashine alikuja machimboni kuziona. Hata baba yangu mdogo, ni yeye aliyemfundisha kupokea simu. Hayo ndiyo anayoyafanya. Ukimuuliza atakuambia hafanyi kitu."

"Na mguu?"

"Mguu unauma. Hafundishi kwa mguu."

Akacheka puani. Nikasikia kalamu inagonga meza. "Asante, ndugu. Tutaona," akasema, akakata.

Zile wiki zilizofuata zilinitesa kuliko nilipokuwa nasubiri ya kwangu. Nisingeweza kumpigia Madam kumuuliza, kwa sababu hakuniambia. Angejua najua, na kama amekosa, basi amekosa mbele yangu. Mke wangu akasema nimeanza kuongea na chakula.

Nilipopata mapumziko nilikwenda moja kwa moja Ushirombo. Mlango wa Madam ulikuwa na kufuli. Baraza lilikuwa na vumbi, na ndoo imepinduliwa. Nikageuka kwa Mama Kulwa, aliyekuwa kwenye cherehani yake upande wa pili, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka mhola. Madam hayupo, kaka. Alirudi siku mbili tatu hizi, akaondoka tena. Dada yake wa Kahama bado hajapona. Safari hii ameenda na mizigo."

"Mizigo gani?"

"Begi, zile buti zake, na kile kiti cha kukunja." Akasogeza kitambaa chini ya sindano. "Nikamwambia, Madam, kwani kwa dada yako hamna viti? Akasema kile amekizoea."

Sikumwambia kitu Mama Kulwa. Nilimshukuru na kuondoka karibu nikikimbia, na kwenye kona nikasimama peke yangu nikacheka, machozi yananitoka, watu wa magengeni wananitazama. Kiti kilikuwa kimetoka nyumbani.

Isaka nilifika alasiri. Malori yalikuwa yamepangana hadi nje ya geti, na mabehewa yalikuwa yanagongana huko relini. Niliuliza darasa la madereva, nikaelekezwa kwenye kontena lililotobolewa madirisha. Kabla sijalifikia nilisikia sauti yake.

"Hicho ni cheo! Mimi sijakuuliza cheo. Jana mikono yako ilifanya nini?"

Dereva mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa amesimama nje juani peke yake, ananong'ona. Nikamwambia ataje kupakia, kufunga kamba na kukagua matairi. Akaniambia ameshayataja, shida ni kwamba alianza kwa kusema yeye anabangaiza tu.

Nilisubiri hadi madereva wakatoka. Madam alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti chake, chaki kwenye pindo la kitenge. Buti za njano zilikuwa na tope hadi vifundoni. Hakushangaa kuniona, au alijifanya hashangai.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Mchimbaji. Umekonda. Uliwaambia nini hawa watu?"

"Niliwaambia unachofanya."

"Hukunisifia?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Nikaketi kwenye benchi la mbele na kumuuliza lile lililokuwa linaniwasha. "Madam, mbona hukuniambia? Wewe ndiye uliyetufundisha kuaga. Mpaka leo Mama Kulwa anamwombea dada yako apone."

Alitazama mikono yake. Nikajua kwamba hilo lilikuwa gumu kwake kuliko chumvi ya jirani.

"Nyinyi mlikuwa vijana," akasema. "Mkikosa, mtapata nyingine. Mimi hii ilikuwa ya mwisho. Nikasema, nikiikosa, bora tujue mimi na Mungu tu. Niliogopa, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Nikamuuliza kuhusu goti. Akasema linauma vibaya, hasa kwenye ngazi za kontena, na kwamba hawa madereva ni wakaidi kuliko wachimbaji, wanajua njia zote mpaka Kigali na hawajui kusema wanafanya nini. Kesho ataanza nao asubuhi kwenye mizani, waseme kila kitu wakiwa wanakifanya.

Tulitoka. Nilinyoosha mkono kukipokea kiti, akanikwepa kama zamani, akakibeba mwenyewe huku anachechemea hadi kwenye kivuli cha lori moja lililoegeshwa. Pale akakikunjua, akakaa, akavua buti moja, akavua ya pili, akanyoosha miguu.

"Leo," akasema, "nimechoka vizuri."